Namna ya Kuisikiliza Kanoni ya Pachelbel kwa Kuanzia Besi

Kanoni katika D meja ya Johann Pachelbel imo katika kundi dogo sana la tungo za enzi ya Baroki (muziki wa Ulaya wa karne ya 17 na mwanzo wa ile ya 18) zinazotambuliwa hata na watu wasiolijua jina la mtunzi. Hupigwa bibi harusi akiingia kanisani, hupigwa wahitimu wakipita kupokea vyeti, imetumika katika filamu na matangazo ya biashara, na mfuatano wa kodi zake (yaani nota kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) umechukuliwa na nyimbo nyingi za vijana wa juzi na wa leo. Umaarufu huo umeleta hasara moja, nayo ni kwamba watu wengi wameizoea kabla hawajaisikiliza. Wanaoipenda huipenda kama pambo la sherehe, na wanaoichoka huichoka kwa sababu hiyo hiyo, ilhali ndani yake mna ufundi mkali wa karne ya 17 ambao sikio linaweza kuufuata wote, sauti kwa sauti, bila mafunzo ya chuo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya msikilizaji, mwanakwaya au mpiga kinanda anayetaka kusikia jinsi kazi hii ilivyojengwa, kujua ilikotoka, na kuchagua kwa ujuzi rekodi au mpangilio atakaoutumia. Si lazima kujua kusoma nota za mistari mitano; aliyejifunza solfa katika kwaya ya kanisa au ya shule anacho karibu kila kitu anachohitaji.

Kwanza ni vizuri kujua ni kazi ya namna gani. Jina lake kamili ni Kanoni na Jiga, jiga ikiwa ni aina ya dansi, na imeandikwa kwa fidla tatu pamoja na besi ya kuendelea, ile ambayo Waitaliano waliiita basso continuo. Besi hiyo kwa kawaida hupigwa na selo, ala ya nyuzi ya jamii ya fidla iliyo kubwa na nzito zaidi, huku mpiga hapsikodi (kinanda cha zamani cha nyuzi) au kinanda kidogo cha filimbi akijaza kodi juu yake kwa kufuata mstari wa besi. Kwa hiyo watu wanne au watano wanatosha kuipiga. Huu ni muziki wa wapigaji wachache, kila mmoja akiwa na sehemu yake peke yake, uliokusudiwa chumba au ukumbi mdogo. Wasomaji wa pwani wanaoifahamu fidla kutokana na taarabu watakuwa na faida hapa, kwa sababu wamezoea kuisikia ikiongoza, ikijibu na kupambia. Katika Kanoni fidla tatu hufanya kazi hizo zote kwa zamu.

Msikilizaji wa kawaida hufuata fidla ya juu, na hilo ndilo la kuliacha mara ya kwanza. Anza na besi. Ina nota nane tu, kila moja ikichukua pigo moja, na kwa solfa ni hizi: d' s l m f d f s. Do ya kwanza ni ya juu, na do iliyo nota ya sita ni ya chini yake. Ziimbe polepole, bila kusikiliza rekodi yoyote, mpaka zikae kinywani. Utagundua kwamba zina mpango: sauti inashuka kutoka do hadi so, inapanda hatua moja hadi la, inashuka tena kwa umbali ule ule hadi mi, inapanda hatua moja hadi fa, inashuka kwa umbali ule ule hadi do ya chini, kisha inarudi juu kwa fa na so. So hiyo ya mwisho haitulii. Katika muziki wa aina hii so ya besi inaidai do, na do inayodaiwa ndiyo nota ya kwanza ya duru inayofuata. Hivyo kila mwisho ni mwanzo, na besi haina mahali pa kupumzikia mpaka mtunzi mwenyewe aamue kuisimamisha.

Pachelbel anairudia besi hii mara 28 bila kubadilisha nota hata moja. Kila duru ina vipimo viwili vya mapigo manne, na kipimo kimoja cha ziada cha kodi ya mwisho kinaifanya kazi yote iwe na vipimo 57. Wapo wanaosema kwamba besi isiyobadilika ni ishara ya mtunzi mvivu. Sikubaliani nao. Kujenga juu ya besi inayojirudia ilikuwa desturi iliyoenea Ulaya yote katika karne ile, na Pachelbel mwenyewe aliitumia kwa uzito mkubwa katika Ciacona yake ya kinanda katika F ndogo (F minor). Aliyechagua njia hiyo alijifunga makusudi, ili msikilizaji aone anaweza kufanya nini ndani ya kifungo.

Ukishaishika besi, cheza rekodi yoyote na ufuate besi peke yake tangu mwanzo hadi mwisho, ukihesabu duru kwa vidole. Jambo hili ni gumu kuliko linavyosikika, kwa sababu fidla zitakuvuta kila mara. Ukipotea, usirudi mwanzo. Subiri do ya juu, ambayo itakuja ndani ya mapigo manane, kisha uendelee. Wengi wakifanya hivi kwa mara ya kwanza hushangaa kwamba kazi waliyodhani ni ya sauti nyororo tu ina mashine thabiti chini yake.

Sasa panda kwenye fidla. Duru ya kwanza ni ya besi peke yake. Katika duru ya pili fidla ya kwanza inaingia na nota nane za kushuka: m' r' d' t l s l t. Katika duru ya tatu inaendelea na d' t l s f m f r, na wakati huo huo fidla ya pili inaingia ikianza na zile zile za mwanzo, m' r' d' t na kuendelea. Katika duru ya nne inaingia fidla ya tatu, nayo ikianza na nota zile zile. Kuanzia hapo mpaka karibu na mwisho kabisa, kila kinachopigwa na fidla ya kwanza kitapigwa na ya pili baada ya vipimo viwili, na ya tatu baada ya vipimo viwili vingine, bila kupandishwa wala kushushwa na bila kubadilishwa. Hiyo ndiyo maana ya kanoni kali: mtunzi ameandika wimbo mmoja tu mrefu, lakini ameuandika kwa namna ambayo kila kipande chake kinapatana na kipande kilichokitangulia, na kile cha kabla yake, na besi, vyote kwa pamoja. Fidla ya pili na ya tatu hazipati nafasi ya kuumaliza wimbo wote, kwa sababu zilichelewa kuingia. Zinasimama pamoja na ya kwanza kwenye kodi ya mwisho.

Njia bora ya kuuelewa ufundi huu ni kuuimba. Kwaya ndogo inaweza kufanya zoezi hili kwa dakika chache. Wagawe waimbaji katika makundi manne, kundi la besi na makundi matatu ya sauti za juu, na mwalimu achague do inayofaa koo zao, kwa kuwa D ya fidla huwa juu mno kwa waimbaji wengi wakifika kwenye mi ya juu. Besi waimbe duru moja peke yao. Kundi la kwanza waingie na m' r' d' t l s l t, kisha waendelee na d' t l s f m f r, halafu warudi mwanzo. Kundi la pili waingie duru moja baada yao, na la tatu duru moja baada ya hapo. Zoezi hili si Kanoni yenyewe, kwa sababu Pachelbel harudi mwanzo hata mara moja, lakini litaonyesha kwa nini nota zile zinapatana: katika karibu kila pigo, kundi la pili huwa sauti mbili juu ya la kwanza, umbali ambao masikio ya wanakwaya wetu wanauzoea kati ya sauti ya kwanza na ya pili. Mwalimu awasisitizie besi wasikimbie. Besi wakiongeza mwendo hata kidogo, jengo lote linayumba.

Hatua inayofuata ni kusikiliza msongamano wa nota. Fidla zinaanza na nota moja kwa kila pigo. Baada ya muda zinakuwa mbili kwa pigo, kisha nne, na muda mfupi baadaye inakuja sehemu ambayo kila mtu anaikumbuka, ambapo nota za nane kwa pigo zinachanganyika na za nne na fidla zinaonekana kukimbizana. Kwa kuwa kila fidla inarudia kilichopigwa na iliyotangulia, msisimko hauji wote kwa mara moja. Unaingia kwa fidla ya kwanza, unahamia kwa ya pili huku ya kwanza ikianza jambo jipya, kisha unapokewa na ya tatu. Baada ya hapo Pachelbel anafanya jambo la busara sana: anapunguza. Zinakuja nota chache, zenye mapengo na mirindimo mifupi, kabla ya mwendo kujazwa tena kwa namna nyingine. Jaribu kutambua mahali mapungufu hayo yanapoanza katika fidla ya kwanza, halafu usikilize jinsi fidla mbili za nyuma zinavyokuwa bado zinamalizia yale yenye fujo. Ukiweza kulisikia hilo, umeisikia Kanoni.

Kuhusu historia, msomaji anahitaji tahadhari, kwa sababu mambo mengi yanayosimuliwa juu ya kazi hii ni ya kukisia. Yaliyo thabiti ni haya. Pachelbel alizaliwa Nuremberg, Ujerumani, mwaka 1653, na alifia huko huko mwaka 1706. Alikuwa mpiga kinanda maisha yake yote: alifanya kazi Vienna, akaenda Eisenach mwaka 1677, akakaa Erfurt kuanzia 1678 hadi 1690, akapitia Stuttgart na Gotha, na mwaka 1695 akarudi nyumbani kushika kinanda cha kanisa la Mtakatifu Sebaldus. Mwaka 1683, akiwa Erfurt, tauni iliwachukua mke wake na mtoto wao. Watu wa zama zake walimheshimu kwa muziki wa kinanda na kwa ualimu, hasa kwa namna alivyozipanga tenzi za Kilutheri kwa kinanda. Tenzi za Kijerumani zinazoimbwa mpaka leo katika sharika za KKKT zimetoka katika desturi hiyo hiyo, kwa hiyo Mlutheri wa Moshi au Bukoba ana ujamaa na Pachelbel ulio wa karibu kuliko ule wa msikilizaji anayemjua kwa Kanoni tu.

Kati ya wanafunzi wake alikuwamo Johann Christoph Bach, kaka mkubwa wa Johann Sebastian Bach. Wazazi wao walipofariki, ni Johann Christoph aliyemchukua Johann Sebastian mdogo na kumlea Ohrdruf kuanzia mwaka 1695. Inajulikana pia kwamba Johann Christoph alifunga ndoa tarehe 23 Oktoba 1694, na kwamba Pachelbel alihudhuria na kushiriki katika muziki wa siku hiyo. Kutokana na hayo umezuka usemi kwamba Kanoni ilitungwa kwa ajili ya harusi ile. Hakuna hati inayothibitisha. Ukiona maandishi yanayotaja mwaka fulani wa utunzi, au yanayotaja harusi hiyo kama jambo la hakika, yasome kwa shaka, kwa sababu hakuna nakala ya mkono wa Pachelbel iliyobaki na nakala ya zamani tunayoitegemea ni ya karne ya 19, iliyohifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Berlin. Kanoni haikuchapishwa mtunzi akiwa hai. Ilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1919, pale mtaalamu wa muziki Gustav Beckmann alipoitoa katika makala yake juu ya muziki wa Pachelbel wa wapigaji wachache, yaani zaidi ya miaka 200 baada ya kifo cha mtunzi.

Hata hapo haikupata umaarufu. Arthur Fiedler, mwongoza okestra wa Boston, aliirekodi mwaka 1940, na ulimwengu haukutikisika. Kilichobadilisha mambo ni rekodi ya mwaka 1968 ya Mfaransa Jean-François Paillard na okestra yake ya nyuzi. Paillard aliupunguza mwendo sana, akatumia kundi zima la nyuzi mahali pa wapigaji wachache, akaongeza sehemu za nyuzi za kudonolewa, na kuifanya Kanoni kuwa muziki wa dakika saba hivi, mpana na wa kutafakarisha. Mwaka huo huo kundi la Kigiriki Aphrodite's Child lilitoa wimbo Rain and Tears, uliojengwa juu ya mfuatano wa Kanoni na uliovuma katika nchi kadhaa za Ulaya. Mwaka 1970 kituo kimoja cha redio cha San Francisco kilicheza rekodi ya Paillard, na wasikilizaji wakafurika maombi ya kuisikia tena. Kisha mwaka 1980 filamu ya Marekani Ordinary People iliipeleka kwa watu ambao hawakuwahi kununua sahani ya muziki wa aina hii. Kwa hiyo tunapouliza kwa nini Kanoni inapendwa, ni lazima tukumbuke kwamba mapenzi hayo yana umri wa miaka hamsini na kitu, na yalianza na sauti ya mwaka 1968.

Kwa sababu hiyo nashauri kila msikilizaji asikilize rekodi mbili kwa zamu. Ya kwanza iwe ya Paillard, kwa heshima ya historia. Ya pili iwe ya Musica Antiqua Köln chini ya Reinhard Goebel, iliyopigwa kwa ala za mtindo wa zamani, mpigaji mmoja kwa kila sehemu, kwa mwendo wa haraka unaoimaliza Kanoni kwa muda wa dakika tatu hivi. Tofauti ni kubwa kiasi kwamba mgeni anaweza kudhani ni kazi mbili. Kwa mwendo wa haraka besi inasikika kama hatua za mchezaji dansi, fidla zinashindana kwa furaha, na ule mzunguko wa kurudia unaowachosha watu hauwachoshi tena, kwa kuwa kila duru inapita kabla sikio halijachoka. Mimi naona rekodi ya pili iko karibu zaidi na karatasi ya Pachelbel. Hata hivyo sitamlaumu mtu anayeipenda ya Paillard, kwa sababu mwendo wa polepole unafichua jinsi kila nota ya fidla moja inavyogusana na nota za nyingine, na hilo ni faida kwa anayejifunza.

Baada ya rekodi hizo mbili, sikio lako litakuwa tayari kutambua watoto na wajukuu wa Kanoni. Kanuni ni rahisi: usitafute wimbo wa juu, tafuta besi ya do, so, la, mi, fa, do, fa, so. Utaikuta katika Memories ya kundi la Maroon 5 la mwaka 2019, na utaikuta katika mpangilio wa gitaa la umeme wa JerryC wa Taiwan, ambao tangu mwaka 2005 umeigwa mtandaoni na wapiga gitaa wa nchi nyingi. Wakati mwingine utakutana na nyimbo zinazotumia nota tano au sita za kwanza kisha zikapotoka. Hizo ni ndugu wa mbali, na si haki kuziita nakala za Pachelbel, kwani hatua kama hizo za besi zilikuwa mali ya watu wote hata kabla yake. Mpiga kinanda anayetaka kujaribu mwenyewe apige kodi hizi nane kwa ufunguo wa D: D, A, B ndogo, F# ndogo, G, D, G, A. Akizizoea, anaweza kuimba juu yake karibu wimbo wowote unaoshuka hatua kwa hatua, na hapo ataelewa kwa vitendo kwa nini watunzi hawaishi kurudi kwenye kisima hiki.

Kwa anayepanga kuitumia katika ibada ya ndoa au mahafali, besi inampa uhuru ambao tungo nyingine hazimpi. Kwa kuwa duru zinafuatana bila mlango wa kufungwa, mpiga kinanda anaweza kurudia duru kadhaa bibi harusi akichelewa mlangoni, au kuzikata akifika mapema, mradi tu asimame kwenye do na asikate katikati ya duru. Mwendo auchague kwa kuangalia hatua za watu watakaotembea. Pigo moja kwa hatua moja linafaa, na mwendo wa Paillard kwa kweli ni mzito mno kwa njia ndefu ya kanisa. Wanaorekodi video za sherehe wakumbuke kwamba utunzi wa Pachelbel hauna tena mwenye haki za kisheria, lakini rekodi za okestra zina wenyewe, na kuziweka mtandaoni bila ruhusa kunaweza kuleta malalamiko. Kuwapa kazi hiyo wapiga fidla au mpiga kinanda wa kwenu kunaondoa tatizo hilo.

Jambo la mwisho ni Jiga. Rekodi nyingi zinaiacha, na watu wengi hawajui kwamba ipo, ingawa ni nusu ya pili ya kazi yenyewe. Iko katika ufunguo ule ule wa D, ina mwendo wa dansi wa mapigo manne yanayogawanyika kwa tatu tatu, na imepangwa katika sehemu mbili za vipimo 10 kila moja, kila sehemu ikirudiwa. Si kanoni, fidla zinaigizana mwanzoni mwa kila sehemu kisha kila moja inakwenda njia yake, na besi iliyofungwa mara 28 sasa imefunguliwa na inarukaruka pamoja na wengine. Isikilize mara tu baada ya Kanoni, bila kusimamisha rekodi. Na katika harusi, Kanoni ikiwa imetumika kwa kuingia, Jiga ipigwe maharusi wanapotoka, kwa mwendo mwepesi, marudio yote yakiwemo.